Chama cha Mpira cha Merthyr

Mji wa Merthyr Tydfil umo katika bonde la mto Taff, kusini ya Wales, na uwanja wake wa Penydarren upo mahali palipokuwa na ngome ya Warumi. Chama cha kabumbu cha Merthyr Town kiliundwa mwaka 1908; mwaka 1920 kikaingia katika Ligi ya Waingereza. Wakati ule chuma na makaa ya mawe ndivyo vilivyoulisha mji, navyo ndivyo vilivyoujaza uwanja, kwani asiye na ujira hana kiingilio.

Katika 1930 sehemu kubwa ya kiwanda cha chuma cha Dowlais ilifungwa. Mwaka uo huo Merthyr ilimaliza mkiani, na wenziwe wa ligi wakainyima kura. Ilishindwa uwanjani, hilo halikanushiki. Lakini timu iliyokwisha kukimbiwa na fedha hushindwa kabla ya filimbi kulia. Mwaka 1934 chama kikavunjwa.

Kingine, Merthyr Tydfil, kilizaliwa 1945. Kilitwaa Kombe la Wales 1949, 1951 na 1987, na ushindi huu wa mwisho ukakifikisha kwenye Kombe la Washindi la Ulaya. Huko Penydarren kiliifunga Atalanta ya Italia 2–1, wakati migodi ya bonde ilipokuwa ikifungwa. Bergamo kikafungwa 2–0. Madeni yalikiua 2010. Mashabiki wakakifufua wenyewe kwa jina la zamani, Merthyr Town, wakaanzia ligi ya chini, na 2011 wakarejea Penydarren.