Ukerezaji vyuma na ufundi mitambo: jinsi ya kusoma cheti cha fundi pande zote za mpaka

Lori likiharibika kranki kati ya Mombasa na Malaba, au kati ya Dar es Salaam na Tunduma, hasara haiishii kwenye injini. Mzigo unalala njiani, dereva na utingo wanaendelea kula posho, na mwenye mali anahesabu siku zake. Kwa sababu hiyo, msafirishaji ana haja ya kujua fundi aliyekereza kipuri chake alifundishwa wapi, na cheti alichonacho kina maana gani.

Fani zenyewe

Fani tatu ndizo zinazomgusa zaidi mwenye magari. Mkerezaji vyuma hutumia mashine ya kukereza kutengeneza shafti, bushi na pini, na kusawazisha dramu za breki. Fundi mitambo hufunga, hupanga na kukarabati mashine. Fundi wa kuchomelea na kuunda vyuma hushughulika na bodi, trela na matangi.

Chuoni, mwanafunzi haanzi na mashine. Huanza mezani kwenye jiliwa, akiwa na tupa na msumeno wa chuma, mpaka aweze kunyoosha kipande kwa vipimo. Hufuata usomaji wa michoro, hesabu za ufundi, usalama, kisha mashine za kukereza, kutoboa, kukata meno ya gia na kusaga. Vyuo vyenye vifaa huongeza mashine zinazoongozwa na kompyuta, yaani CNC.

Kwa nini vipimo ni pesa

Maikromita ya kawaida ya karakana husoma hadi milimita 0.01. Shingo za kranki zikilika, husagwa kwa hatua maalumu, kwa kawaida milimita 0.25, 0.50 na kuendelea, kisha hufungwa beringi za saizi hiyo. Fundi akiacha nafasi ndogo mno, mafuta hayapiti vizuri na beringi huungua. Akiacha kubwa mno, presha ya mafuta hushuka na injini huanza kugonga. Tofauti kati ya kazi nzuri na injini iliyokufa ni sehemu chache za mia za milimita, na jicho haliwezi kuiona.

Dramu ya breki nayo ina kipenyo cha mwisho, ambacho mtengenezaji huwa amekigonga juu yake. Ikikerezwa kupita hapo, chuma hubaki chembamba, hupata joto haraka na huweza kupasuka gari likiteremka na mzigo.

Tanzania

Sheria ya 1974 iliweka mfumo wa taifa wa mafunzo ya ufundi. Sheria ya 1994 ikaunda Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA. Zamani mafundi walipimwa kwa tredi testi, ambapo Gredi III ilikuwa ya mwanzo na Gredi I ya juu kabisa. Sasa tuzo hutolewa kwa Ngazi ya I, II na III, na mpangilio umegeuka: Ngazi ya I ni ya mwanzo na ya III ndiyo ya juu.

Fundi aliyejifunzia mtaani hajasahauliwa. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi: fundi hupimwa kwa kazi anayoifanya, hufundishwa pale alipopungukiwa, kisha hupewa cheti.

Kenya

Mamlaka ya Taifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, iliundwa kwa marekebisho ya sheria ya 2011. Inasimamia tredi testi za Gredi III, II na I, na hapa Gredi I bado ndiyo ya juu. Sambamba na hizo, vyuo vilivyo chini ya Sheria ya TVET ya 2013 hutoa vyeti vya ngazi zinazopanda, ambapo Ngazi ya 5 ni cheti cha ufundi na ya 6 ni stashahada.

Mtego wa namba

Hapa ndipo waajiri wa mpakani hukosea. Mwenye Gredi III ya Kenya ni fundi anayeanza, na mwenye Ngazi ya III ya Tanzania amefika juu. Anayesoma namba pekee anaweza kumlipa anayeanza mshahara wa fundi mkuu, au kumkataa aliyebobea. Soma kwanza neno lililo mbele ya namba, kisha mwaka wa cheti na mamlaka iliyokitoa.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inazungumzia kutambuana kwa sifa za kitaaluma. Miongoni mwa waliotangulia kufikia makubaliano ni wahasibu, wasanifu majengo na wahandisi.

Msafirishaji tayari anachangia

Tanzania Bara, mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi, SDL. Julai 2023 kiwango kilishushwa kutoka asilimia 4 ya malipo ya wafanyakazi hadi 3.5. Kenya, mwajiri hulipia kila mfanyakazi Sh50 kwa mwezi, na anaweza kuomba kurudishiwa gharama za mafunzo yaliyoidhinishwa na NITA. Kampuni inayolipa tozo bila kumpeleka hata fundi mmoja kusoma inaacha fedha zake mezani.

Kabla ya kukabidhi kazi

- Omba vipimo viandikwe kabla na baada ya kazi. Karakana isiyo na maikromita isipewe kranki.
- Dai saizi ya beringi iandikwe kwenye risiti.
- Tazama kipenyo cha mwisho cha dramu kabla haijakerezwa.
- Tangi lililobeba mafuta lisichomelewe mpaka lisafishwe na mvuke wote utolewe. Tangi lisilo na mafuta ila lina mvuke laweza kulipuka.
- Betri itenganishwe kabla ya kuchomelea chochote kwenye gari.
- Hakiki cheti kwa mamlaka iliyokitoa, na umpe fundi kipande cha majaribio.