Kariakoo: Kiwanja, Chumba, Fremu

Dalali wa Kariakoo siku hizi hamuulizi mteja anatafuta vyumba vingapi. Anamuuliza fremu ya duka iwe mtaa gani, iwe chini au ghorofani, na kama kilemba anacho mkononi. Babu yake dalali huyo angeuliza habari za chumba: mpangaji ana mke au mseja, anafanya kazi wapi, atalipa kila mwisho wa mwezi? Na kabla ya babu, watu walipanga foleni ofisi ya serikali kuomba kiwanja. Kiwanja, chumba, fremu: kwa maneno hayo matatu inasimulika tarehe ya mtaa huu wa Dar es Salaam, mtaa ambao umevunjwa na kujengwa upya nyumba moja moja, mpaka wengi wa waliozaliwa humo wakajikuta wanaishi kwingine.

Mwanzo palikuwa na minazi. Upande wa magharibi wa mji wao, Wajerumani walikusudia kuwahamishia Waafrika wote, na wakajenga banda kubwa ambalo lingetumika katika maonyesho ya koloni yaliyopangwa kufanyika Agosti 1914. Vita vikatangulia. Septemba 1916 Waingereza wakaiteka Dar es Salaam, na eneo lile likawa kambi ya wapagazi wa jeshi lao, kikosi walichokiita Carrier Corps. Hao ndio waliobeba risasi, unga na majeruhi kutoka pwani hadi Ruvuma na kwingineko. Makumi ya maelfu yao walikufa, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Ulimi wa Kiswahili ukalichukua jina la kikosi na kulifanya Kariakoo. Nairobi nako kambi ya wapagazi iliacha jina lile lile, likitamkwa Kariokor.

Waingereza walipotulia wakaugawa mji kanda tatu, na mwaka 1924 ugawaji huo ukaanza kusimamiwa kwa nguvu. Kanda ya kwanza ilikuwa Uzunguni, ya pili Uhindini, ya tatu Uswahilini. Kati ya Uhindini na Kariakoo uliachwa uwanja mtupu wa Mnazi Mmoja, ili pumzi za watu wa huku zisiwafikie wa kule. Ubaguzi huo ulikuwa na ramani nzuri: mitaa ya Kariakoo ilichorwa kwa rula, ikakatana kwa pembe sawa, ikapewa majina kama Nyamwezi, Swahili, Pemba, Kongo, Sikukuu na Narung'ombe. Mwafrika aliyepata kiwanja hakuwa na ardhi. Alikuwa na ruhusa ya muda mfupi ya kujenga juu ya ardhi ya serikali. Nyumba yake, udongo wa wenyewe.

Juu ya viwanja hivyo ikaota nyumba ambayo kila mtu wa pwani anaijua. Vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto, ukumbi katikati kutoka mlango wa mbele hadi uani. Uani kuna jiko, choo na bafu, kamba ya nguo, pengine mti wa mwembe au mkungu. Mbele kuna baraza. Paa lilikuwa la makuti, baadaye madebe yaliyonyooshwa, kisha bati. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja au viwili na kupangisha vilivyobaki. Wenye nyumba wengi walikuwa wanawake, kwa kuwa nyumba ilikuwa akiba ambayo mume hawezi kuondoka nayo siku ya talaka.

Chumba ndicho kilichoifanya Kariakoo. Mzaramo aliyetoka Kisarawe, Mmanyema, Mnyamwezi aliyekuja na reli, Mngazija, Mmakonde, wote walipita ukumbi mmoja na kupokezana zamu ya bafu moja. Ofisa wa kikoloni J.A.K. Leslie, aliyefanya uchunguzi wake wa Dar es Salaam mwaka 1956, alikuta mji wa wapangaji. Mwaka uliofuata sensa ilihesabu wakazi 128,742 katika mji mzima. Miaka kumi baadaye wakawa 272,821. Wengi wa wageni hao walipata usingizi wao wa kwanza wa mjini kwenye chumba cha kupanga, Kariakoo au Ilala.

Barazani ndipo vilipozaliwa vyama. Mwaka 1929 ukaanzishwa umoja wa Waafrika ambao baadaye uliitwa TAA, na nyumba yake ya Mtaa wa New, leo Lumumba, ndiko ilikozaliwa TANU tarehe 7 Julai 1954. Julius Nyerere alipokuja Dar es Salaam, mmoja wa waliomfungulia mlango alikuwa Abdulwahid Sykes, mtoto wa mjini ambaye baba yake, Kleist Sykes, alikuwa miongoni mwa waasisi wa chama kile cha 1929. Mwaka 1935 ikaundwa Young Africans, na mwaka uliofuata klabu ambayo tangu 1971 inaitwa Simba. Dar es Salaam Jazz ilikuwa ikipiga tangu miaka ya 1930, na taarabu ilikuwa na vyama vyake viwili vilivyoshindana, Egyptian na Al-Watan. Mtaa mmoja uliipa nchi chama cha uhuru na timu mbili ambazo hadi leo zinagawanya vitanda vya mke na mume.

Baada ya uhuru Kariakoo haikuvunjwa. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya Sh 100,000, mengi yao ya Wahindi wa katikati ya mji, na kuyakabidhi kwa Msajili wa Majumba. Nyumba nyingi za vyumba sita hazikufika kiwango hicho, zikabaki mikononi mwa familia. Jambo hilo lilionekana dogo wakati ule. Lakini miaka 30 baadaye, ghorofa nyingi za Uhindini zilikuwa za Shirika la Nyumba la Taifa, lililorithi mali ya Msajili mwaka 1990, wakati kila kiwanja cha Kariakoo kilikuwa na familia yake ya kuamua peke yake.

Katika miaka hiyo ya utaifishaji likajengwa soko jipya penye banda la zamani la Wajerumani. Msanifu wake, Beda Amuli, alikuwa miongoni mwa wasanifu majengo wa kwanza Waafrika nchini. Alisimamisha nguzo za zege zinazofunguka juu kama miamvuli iliyopinduliwa, paa linalokusanya maji ya mvua na kuyateremsha ndani ya nguzo, na chini ya ardhi akaweka ghorofa ya kuuzia jumla. Nyerere alilifungua mwaka 1975. Kwa miaka mingi lilikuwa jengo refu kuliko nyumba zote zilizolizunguka. Leo mtu hulitafuta kama sindano katikati ya vioo na maghorofa.

Mabadiliko yalianzia dirishani. Mwaka 1984 serikali iliruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe za kigeni, na mwaka uliofuata Ali Hassan Mwinyi akashika nchi, watu wakamwita Mzee Ruksa. Mitumba, redio, kanga na vipodozi vikarudi baada ya miaka ya maduka matupu. Mwenye nyumba aliyekuwa na chumba kinachotazama mtaa alibomoa dirisha, akaweka mlango wa chuma, na mpangaji wa chumba akampisha mpangaji wa fremu. Pango la mwezi mmoja likazidi la vyumba vyote sita. Baraza likakatwa kwa kuwa lilizuia wateja. Chumba cha pili kikawa stoo, kisha cha tatu. Ukumbi ukajaa marobota. Ukifika usiku ulikuta familia imebanwa vyumba vya uani, inalala nyuma ya bidhaa za watu.

Kisha mzee anafariki.

Hapo ndipo nyumba nyingi za Kariakoo zilipoondoka. Nyumba ya vyumba sita yenye warithi tisa haigawanyiki kwa ukuta; kwa fedha inagawanyika vizuri, theluthi, thumuni na mafungu mengine yote kama sheria ya mirathi inavyotaka. Mnunuzi alikuwa anasubiri nje. Mara nyingi hakuhitaji hata kuinunua: alikuja na pendekezo la ubia, familia itoe kiwanja, yeye ajenge ghorofa, kisha wagawane sakafu. Sheria zilizofuata zikampa nguvu. Sera ya Taifa ya Ardhi ya 1995 na Sheria ya Ardhi ya 1999 zilikiri kwamba ardhi yenyewe ina thamani, hata isiyo na jengo, jambo ambalo awali halikutambuliwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukapitishwa mpango wa kuiendeleza Kariakoo upya, ulioruhusu maghorofa palipokuwa na nyumba za chini. Mwaka 2008 ikatungwa sheria ya kumiliki sehemu ya jengo, na sakafu moja ya ghorofa ikaweza kuwa na hati yake.

Kwa wenye nyumba wengi hiyo ilikuwa riziki halali na ya kushukuru. Bibi aliyekaa miaka hamsini chini ya bati linalovuja alijenga nyumba mbili Mbagala, akasomesha wajukuu, akaenda kuhiji. Haki yake haina ubishi. Asiyetajwa katika mkataba wowote ni mpangaji. Huyu hakuwa na kiwanja cha kuingiza kwenye ubia. Alipewa notisi, akafunga godoro, akapanda daladala kwenda Gongo la Mboto, Kitunda au Chanika, na huko akaanza kuamka saa kumi alfajiri ili awahi kazi aliyokuwa akiiendea kwa miguu. Watu wa namna hiyo walikuwa wengi kuliko wenye nyumba, na mji uliwahamisha bila kuwahesabu.

Katika miji mingine wanaochukua mtaa wa maskini ni watu wenye kipato kikubwa zaidi, wanaokuja kuishi. Kariakoo imechukuliwa na mzigo. Kontena za Guangzhou zinashushwa, wanunuzi wanatoka Lubumbashi, Lusaka, Lilongwe na Moroni, na mawinga wanawadaka barabarani kuwaelekeza dukani kwa malipo kidogo ya kila kichwa. Ghorofa za juu, ambazo kwenye michoro zilitarajiwa kuwa makazi, mara nyingi zinageuka stoo, kwa kuwa katoni inalipa vizuri na hailalamiki maji yakikatika. Mfanyabiashara anayeingia fremu nzuri hulipa kilemba kwanza, fedha nyingi ya kupewa nafasi tu, kabla hajaanza kulipa pango.

Kila mwenye kiwanja alijenga chake. Hakuna aliyejenga mtaa. Barabara zilibaki na upana ule ule uliochorwa kwa ajili ya nyumba za makuti na watembea kwa miguu, na mifumo ya maji safi na maji taka ikatakiwa kubeba watu na shughuli mara nyingi zaidi ya ilivyokusudiwa. Maghorofa yakasogeleana mpaka dirisha la hili likawa linatazama ukuta wa lile. Yeyote anayeipenda Kariakoo alikuwa na sababu ya kuogopa, hasa baada ya Machi 2013, jengo la ghorofa nyingi lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya jiji, lilipoanguka na kuua watu zaidi ya 30.

Hofu ilifika nyumbani kwa hatua. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko la Amuli liliungua, na wafanyabiashara wakatazama mitaji yao ikiteketea. Serikali ilitenga zaidi ya Sh bilioni 28 kulikarabati na kujenga soko lingine la ghorofa pembeni yake. Miezi michache baada ya moto huo, wamachinga waliokuwa wamepanga bidhaa kando ya barabara waliondolewa. Mei 2023 maduka yalifungwa kwa siku kadhaa, wenye maduka wakigomea namna kodi ilivyokuwa ikikusanywa, hadi Waziri Mkuu akaja kuwasikiliza Mnazi Mmoja, uwanja ule ule uliowahi kuachwa wazi kuwatenga babu zao.

Kisha ikaja asubuhi ya Jumamosi, tarehe 16 Novemba 2024. Jengo la ghorofa nne kwenye Mtaa wa Mchikichi na Kongo likashuka chini na watu waliokuwa dukani kwao. Waliokwama chini waliwapigia simu waliokuwa juu. Waokoaji wakatoboa zege kwa mikono na mashine, siku baada ya siku. Zaidi ya watu 80 walitolewa hai, na zaidi ya 20 wakafariki. Rais Samia Suluhu Hassan aliagiza majengo ya Kariakoo yakaguliwe. Agizo hilo lilistahili kuwepo miaka ishirini mapema, wakati ghorofa za kwanza zilipokuwa zikipanda juu ya misingi ya nyumba za vyumba sita.

Bado ziko nyumba za chini chache, moja huku, moja kule, zimebanwa na maghorofa kama jino lililobaki. Nyingine zina baraza bado, limejaa mabegi ya kuuza. Wenye nazo wanajua thamani yake, na madalali wanajua umri wa kila mzee aliyemo ndani.

Siku ya Ijumaa adhuhuri Msikiti wa Mtoro hujaa, na si wote walioko safuni ni wenye maduka. Wamo wazee waliopanda mwendokasi kutoka Kimara na Ubungo, wakashuka Msimbazi, wakapita katikati ya guta na mikokoteni hadi kwenye safu walizosimama na baba zao. Baada ya swala husalimiana nje, mmoja akauliza habari ya mwenzake wa Mtaa wa Swahili, mwingine akajibu kwamba sasa yuko Chanika. Wanasimama kwa muda mbele ya jengo ambalo zamani lilikuwa nyumba ya fulani, wakionyeshana kwa kidole mahali kilipokuwa chumba cha nani, mpaka kijana mwenye mzigo wa katoni kichwani anapaza sauti kuomba njia.