Joram Kiango alivyosakwa na walimu kabla ya majambazi

Boti za kwenda Mwamgongo na Kagunga haziondoki Kibirizi mpaka zijae. Zamani abiria walipoteza muda huo kwa soga; siku hizi vijana watatu huinamia simu moja kutazama tamthilia ya polisi na wauza unga, risasi mwanzo mwisho. Watu wazima wakipita husonya. Eti tamthilia hizo zinafundisha ujambazi.

Lawama hiyo ina umri mkubwa kuliko simu zenyewe, na mmoja wa waliotwishwa ni mtoto wa mkoa huuhuu wa Kigoma. Ben Mtobwa, mwandishi na baba wa mpelelezi wa riwayani Joram Kiango, alizaliwa Kasulu mwaka 1958, akafariki Novemba 2008. Novemba huja na kupita, na Kigoma haishtuki.

Hadithi za upelelezi kwa Kiswahili hazikuanza naye. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alimleta Bwana Msa na kiko chake katika Mzimu wa Watu wa Kale, mwaka 1960. Faraji Katalambulla akafuata na Simu ya Kifo, 1965. Mwaka 1974 Elvis Musiba akamtoa Willy Gamba katika Kufa na Kupona, na hapo wahakiki wakaanza kukunja uso: huyu si James Bond aliyepakwa rangi? Bara hakukuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994, kwa hiyo msisimko wote uliingia majumbani kwa njia ya kitabu cha mfukoni.

Nchi ilikuwa kwenye Ujamaa, na fasihi ilitakiwa ijenge taifa. Vitabu hivi vikaitwa riwaya pendwa, jina linalosikika kama sifa lakini vyuoni lilitamkwa kwa kubenua midomo. Rajmund Ohly, mtaalamu kutoka Poland, alitoa kitabu kizima mwaka 1981 kuhusu nathari ya Kiswahili ya miaka ya 1970, akaiita nathari ya shari. Angalau yeye aliisoma. Wengi waliihukumu kwa kutazama jalada.

Mwalimu mmoja mstaafu wa Ujiji, aliyefundisha sekondari miaka ya 1980, anasema shuleni kwao Joram Kiango alisakwa kama gongo. Msako wa bweni ulifanyika usiku, na vitabu vilikutwa chini ya magodoro au vimevishwa jalada la daftari la Siasa. Nakala iliyozua ugomvi mkubwa ilikuwa ya Tutarudi na Roho Zetu?, riwaya ya mwaka 1987, imeshapita mikono mingi hata kurasa za mwanzo zimeng'oka. Mwalimu wa Siasa alitaka ichomwe mbele ya mstari. Hoja yake ilikuwa kwamba Joram hana shamba, hana ofisi wala chama, ila hoteli za kifahari na wanawake warembo. Kijana akimwiga huyo atalima nini? Mwalimu wetu, ambaye ndiye aliyeikamata, akamuuliza kama ameisoma. Hakuwa ameisoma. Basi akamweleza kuwa Joram huyo anapambana na makaburu wa Afrika Kusini, na kama hiyo si siasa, siasa ni nini? Walibishana ofisini mpaka kengele ya kipindi ikapigwa na hakuna aliyekwenda darasani. Mkuu wa shule akaamua kitabu kikae kwake kwa uchunguzi.

Binafsi naona mwalimu wa Siasa hakuwa mjinga. Wanawake katika riwaya hizi mara nyingi ni pambo au mtego, na maiti hazihesabiki. Ila mizani yetu ilikuwa ya ajabu. Rosa Mistika ya Kezilahabi nayo ilipigwa marufuku shuleni, baadaye ikasamehewa na kutahiniwa. Joram hakusamehewa.

Mtobwa hakungoja msamaha. Alianzisha Heko Publishers, akachapisha mwenyewe. Dar es Salaam Usiku, iliyotoka mwaka 1990, ililainisha hata baadhi ya wagumu, kwa sababu humo jiji lenyewe ndilo linalopelelezwa, matajiri wake na machangudoa wake, na ikatafsiriwa kwa Kiingereza. Kisha zikaja kanda za video, zikaja filamu za Bongo, wasomaji wakawa watazamaji.

Mgeni akifika Ujiji ataoneshwa mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871, na jumba la makumbusho lipo. Sijaona kibao hata kimoja chenye jina la Mtobwa kuanzia Kibirizi hadi Ujiji, wala sijasikia diwani akilizungumzia. Wazungu wawili waliopeana mikono tumewajengea. Mwandishi aliyewafanya Waswahili wakeshe kwa vibatari tumemwachia wauza vitabu chakavu.

Mwalimu mstaafu hajutii misako. Lalamiko lake ni moja: mkuu wa shule alihamishwa na kile kitabu akaondoka nacho, wakati yeye alikuwa amebakiza sura mbili.