Umri wa Nyufa za Kolwezi

Watoto wa shule za Kolwezi hutuuliza mara nyingi: «Mawe haya yenye shaba yana miaka mingapi?» Swali ni zuri, lakini si moja. Kuna umri wa mchanga uliofanya jiwe, kuna umri wa madini yaliyoingia ndani yake, na kuna umri wa ufa uliolivunja. Asiyetenga mambo hayo matatu atakosea, kama walivyokosea hata wenye elimu kubwa.

Tutazame kwanza mashimo ya Kamoto na Musonoi. Mawe yamepangwa tabaka juu ya tabaka. Kwa desturi, tope la kwanza hukaa chini na la baadaye hukaa juu. Lakini kule Kolwezi mawe ya Roan, yaliyo ya kale, yamelala juu ya mawe ya Kundelungu, yaliyo machanga kuliko hayo. Jules Cornet, Mbelgiji, alipima mawe ya Katanga mwaka 1892 pamoja na msafara wa Bia na Francqui. Waliomfuata walitambua sababu: nchi ilisukumwa kutoka kusini kwenda kaskazini, tabaka zikakunjwa, zikapasuka, na vipande vikubwa vikateleza juu ya nyufa mwendo wa kilomita nyingi. Nyundo na macho vilitosha kuonyesha hayo. Ila nyundo haiwezi kusema ni lini.

Uraniumu ndiyo iliyotoa jibu. Uraniumu haidumu, hugeuka polepole kuwa risasi. Ile iitwayo 238 hupungua kwa nusu katika miaka milioni 4.470, na ile ya 235 katika miaka milioni 704. Basi jiwe moja lina saa mbili, na zikikubaliana, ushahidi wake una nguvu. Arthur Holmes, Mwingereza, alitangaza mwaka 1911 miaka ya mawe kadha aliyoipata kwa njia hiyo. Miaka minne baadaye, mwaka 1915, uraniumu ilivumbuliwa Shinkolobwe, upande wa mashariki wa Kolwezi.

Madini ya Shinkolobwe yalipopimwa, yalionekana kuwa na miaka karibu milioni 620. Lucien Cahen, aliyekuwa mkubwa wa Makumbusho ya Tervuren toka mwaka 1958 hata 1977, alikusanya pamoja na Norman Snelling hesabu nyingi za namna hiyo, wakazichapa katika kitabu mwaka 1966. Kazi yao ilikuwa kubwa. Lakini zamani hizo umri ule wa uraniumu ulishikwa kuwa ndio umri wa kukunjwa kwa nchi.

Sisi mapadri na wakatekista twaelewa upesi hatari iliyo hapo. Kitabu cha ubatizo huandika siku ya ubatizo. Atakayeitwaa kuwa siku ya kuzaliwa, kitabu hakikumdanganya. Amekiuliza neno lisilo lake. Ndivyo ilivyo kwa madini. Punje ya zirkoni ndani ya mchanga hutaja umri wa mlima ilikotoka, tena mlima huo ni wa kale kuliko mchanga wenyewe. Madini yaliyojaza ufa bila kuvunjika yanasema tu kwamba ufa ulikuwapo kabla yao. Yakiwa yamesagwa, ufa ulitembea tena baada yao. Ulanga uliozaliwa ndani ya ufa wenyewe ni shahidi wa karibu zaidi: potasiamu yake hugeuka kuwa argoni. Lakini ulanga ukipata joto kali, argoni hutoroka na saa huanza upya.

Mwaka 2011 wenye elimu walitangaza vipimo vipya vya uraniumu ya Katanga, vilivyofanywa nukta kwa nukta ndani ya jiwe. Walipata nyakati mbili: karibu miaka milioni 652, na karibu milioni 530. Ule wa kwanza ni wa wakati nchi ilipokuwa ikivutwa na kupanuka, kabla ya kukunjwa. Ule wa pili ndio wa wakati wa kusukumwa. Tena, kule Zambia, madini yaliyozaliwa chini sana, katika joto na uzito wa nchi iliyobanwa, yametoa vilevile miaka karibu milioni 530. Mashahidi wawili wa mahali mbalimbali wamekubaliana.

Tusidhani kwamba hayo ni maneno ya vitabu tu. Mwenye kuchimba akifika mahali shaba inapokatika ghafula, lazima ajue: ufa ulikuja kabla ya shaba au baada yake? Ukiwa ulikuja baada, shaba imehamishwa, na yafaa aitafute ng’ambo ya ufa. Ukiwa wa kwanza, labda ndio njia ambayo maji yenye shaba yaliipitia, na yampasa kuufuata.

Basi mtoto akituuliza umri wa mawe, tusimpe hesabu moja upesi. Tumwulize kwanza: «Wataka umri wa mchanga, wa madini, au wa ufa?» Hapo amekwisha kuanza kusoma historia.