Kiatu cha Mwanamke Mbele ya Forodha: Historia ya Maneno na Ushuru

Mahali ambapo ushuru ni mmoja kwa bidhaa zote, jina la bidhaa halina uzito. Mkataba uliofanywa mwaka 1833 kati ya Sayyid Said na Marekani uliweka ushuru wa asilimia 5 juu ya shehena iliyoshushwa katika bandari za milki yake. Karani wa forodha ya Unguja alihitaji kujua thamani ya mzigo tu. Kama ndani mlikuwa na sapatu, makubadhi au mitalawanda, hilo lilikuwa shauri la mnunuzi.

Bonde la Kongo nalo lilianza bila jedwali refu. Mkataba wa Berlin wa 1885 ulikataza kabisa ushuru wa kuingiza bidhaa. Miaka 5 baadaye, Dola Huru ya Kongo ilipokosa fedha, Tamko la Brussels la 1890 liliruhusu ushuru usiozidi asilimia 10 ya thamani, isipokuwa kwa vileo, ambavyo viliwekewa kanuni zao. Mkataba wa Saint-Germain-en-Laye wa 1919 uliondoa kikomo hicho, ukabakiza sharti la kutobagua wafanyabiashara wa mataifa yaliyotia sahihi. Tangu hapo mlango ulikuwa wazi kwa viwango mbalimbali, na palipo na viwango mbalimbali, mabishano juu ya majina hayakosekani.

Mabishano hayo yalipewa lugha moja ya kimataifa tarehe 1 Januari 1988, ulipoanza kutumika Mfumo Uliowianishwa wa kutaja bidhaa na kuzipa namba. Uliandaliwa mjini Brussels na Baraza la Ushirikiano wa Forodha, ambalo tangu 1994 huitwa Shirika la Forodha Duniani. Viatu vimewekwa katika sura ya 64. Namba 64.01 ni ya viatu visivyopenyeza maji, 64.02 ni ya viatu vingine vyenye soli na sehemu ya juu ya mpira au plastiki, 64.03 ni ya ngozi juu, 64.04 ya kitambaa juu, 64.05 hupokea vilivyobaki.

Ugumu uko katika neno “sehemu ya juu”. Kiatu cha mwanamke mara nyingi huchanganya vitu: ukanda wa ngozi, kitambaa cha kung'aa, plastiki, ushanga, bizimu. Maelezo ya 4 ya sura hiyo yanaamuru kwamba sehemu ya juu ihesabiwe kuwa ya kile kitu chenye eneo kubwa zaidi kwa nje, na kwamba urembo, bizimu na viimarishi visihesabiwe. Basi kile kinachomvutia mnunuzi dukani, afisa wa forodha hukiondoa kwa mawazo, kisha hupima kilichosalia. Soli nayo huamuliwa kwa eneo linalogusa ardhi, bila kuhesabu kisigino kilichounganishwa nayo. Kisigino kirefu, ambacho kwa wengi ndicho alama ya kiatu cha kike, hakina sauti katika hesabu hiyo.

Kanuni ya eneo ilizaa werevu wake. Nchini Marekani baadhi ya viatu vya kitambaa vyenye soli ya mpira vilitozwa asilimia 37.5, ilhali vyenye soli ya kitambaa vilitozwa asilimia 12.5. Watengenezaji wakabandika chini ya soli ya mpira tabaka jembamba la kitambaa, lililochakaa upesi mtu alipoanza kutembea. Karatasi zilisema kitambaa. Mguu ulikanyaga mpira. Mwaka 2011 Marekani iliongeza maelezo kwamba kitambaa kisicho na uimara unaotakiwa kwa soli kisihesabiwe.

Mpaka hapa mwanamke hajatajwa. Kwa hakika namba 6 za kimataifa za sura ya 64 haziwatenganishi wanaume na wanawake. Nchi ndizo hufanya hivyo katika tarakimu zinazofuata. Jedwali la Umoja wa Ulaya hupima kwanza soli ya ndani, na kuanzia sentimita 24 huuliza kama kiatu ni cha wanaume, cha wanawake, au hakitambulikani. Jedwali la Marekani, lililoanza kutumika 1989, lina mgawanyo wenye maneno ya ajabu zaidi. Aina moja kubwa ya viatu vya ngozi hutozwa asilimia 8.5 vikiwa vya “wanaume, vijana na wavulana”, na asilimia 10 vikiwa vya “watu wengine”, thamani ikizidi dola 2.50 kwa jozi. Wanawake hawakuandikwa. Wamo ndani ya “wengine”, pamoja na watoto wadogo na viatu vinavyovaliwa na jinsia zote mbili.

Waagizaji walikwenda mahakamani wakidai kwamba huo ni ubaguzi. Mwaka 2010 kesi ya Totes-Isotoner, iliyohusu glavu, ilishindwa katika mahakama ya rufani. Mwaka 2013 ya Rack Room Shoes, iliyogusa viatu, ilifuata njia hiyo hiyo. Mahakama ilisema kwamba tofauti ya viwango peke yake haitoshi; mlalamikaji lazima aonyeshe dalili za nia ya kubagua. Ikumbukwe kwamba katika glavu za ngozi zilizobishaniwa, za wanaume ndizo zilizotozwa zaidi: asilimia 14 dhidi ya 12.6. Jedwali hilo lilikua kwa mapatano ya biashara yaliyorundikana, kila kifungu na historia yake, na ni vigumu kuona ndani yake nia moja. Lakini mnunuzi wa kike hulipa kiwango, halipi nia.

Kwa mtafsiri wa Kiswahili, suala hili lina mtego. “Viatu vya kike” hutaja umbo au mtindo. “Viatu vya wanawake” hutaja wavaaji. Jedwali la Marekani linazungumzia wavaaji, na kwa sababu hiyo “watu wengine” hakuwezi kufasiriwa “vya kike”, hata pale ambapo shehena yote ni ya visigino virefu.