Gobore Halina Faili: Historia ya Vibali vya Silaha Bonde la Kilombero

Ukitoka Ifakara ukavuka Daraja la Magufuli, barabara inakufikisha Lupiro, njia panda ya Ulanga: mkono mmoja unapanda milima ya Mahenge, mwingine unaelekea Malinyi. Kila upande ni mpunga. Na penye mpunga karibu na mto hapakosi kiboko wala nguruwe pori, na tembo naye hupita akipenda. Mkulima anayelala kwenye dungu wakati mpunga unaiva hahitaji kuelezwa bunduki ni ya nini.

Akiitaka kihalali, hata hivyo, safari yake haianzii dukani. Inaanzia kwa mtendaji wa kijiji, kwa watu wanaomjua kwa jina la baba yake. Wao ndio wa kwanza kusema kama ni mtu wa kukabidhiwa silaha au ni mlevi wa kupigana kilabuni. Faili hupita kata, hufika polisi wa wilaya na Kamati ya Ulinzi na Usalama, hupanda mkoani Morogoro, kisha kwa Msajili wa Silaha. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inamtaka awe ametimiza miaka 25, awe na akili timamu, asiwe na rekodi ya uhalifu, na aonyeshe kwamba anajua kuitumia silaha yenyewe. Kibali kisipotoka, hakuna cha kununua.

Wamarekani waliandika muda wa kusubiri kwa siku. Sheria ya Brady, iliyopewa jina la msemaji wa Rais Reagan aliyepigwa risasi mwaka 1981, ilipitishwa 1993 na kumtaka mnunuzi wa bastola asubiri siku tano ili achunguzwe. Mwaka 1998 kompyuta ikachukua nafasi ya siku hizo. Kwetu, kusubiri ni ile safari ya faili kutoka meza hadi meza.

Lakini uchunguzi wa mnunuzi kwetu haukuanza na sheria ya 2015. Mizizi yake iko Zanzibar. Majeshi ya Ulaya yalikuwa yakibadilisha silaha, na bunduki zilizokwisha kazi zikatafutiwa soko. Mwaka 1888 balozi mdogo wa Uingereza kisiwani, Euan-Smith, aliiandikia serikali yake kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kila mwaka. Zilikwenda bara na misafara ya pembe na watumwa.

Mwaka uliofuata mataifa yakakutana Brussels. Mkataba wa Julai 1890 ulichora ukanda mpana wa Afrika, na ndani yake bunduki za kisasa zikapigwa marufuku isipokuwa kwa kibali. Masharti yake yanashangaza kwa jinsi tunavyoyatambua: silaha ihifadhiwe kwenye ghala la serikali, ipigwe chapa na kuandikishwa, leseni iwe na jina la mwenyewe, idumu miaka mitano na iweze kufutwa, na anayepewa awe mtu wa kuaminika kwamba hatampa wala kumuuzia mwingine. Ungedhani yameandikwa juzi.

Tofauti ni nani alihesabiwa kuwa wa kuaminika. Dhamana iliyotambulika kirahisi ilikuwa ya msafiri mwenye barua ya serikali yake, yaani Mzungu. Kwa wenyeji mkataba uliacha mlango mdogo: bunduki za gumegume zenye mtutu laini na baruti ya kawaida zingeweza kuendelea kuuzwa. Kwa maoni yangu hapo ndipo gobore lilipofanywa bunduki ya Mwafrika.

Bonde lililiona pengo hilo la silaha kwa macho. Tarehe 30 Agosti 1905, wapiganaji wa Maji Maji walilivamia boma la Mahenge, mwendo wa mlima kutoka hapo Lupiro. Ndani ya boma Wajerumani walikuwa na bombomu mbili. Maji ya dawa hayakufua dafu.

Waingereza walipokabidhiwa Tanganyika mwaka 1922, hati yao ya udhamini iliwataka wadhibiti vikali biashara ya silaha. Ila bonde lilikuwa na udhibiti wake pia. Mwaka 1926 A. G. O. Hodgson alichapisha maelezo kuhusu mila za uwindaji za Wandamba wa bonde hilo, na ndani yake uwindaji wa tembo unaonekana kuwa chama chenye mafundi, wanagenzi na dawa. Kijana hakujiokotea silaha akaingia porini. Alipokelewa na mtu aliyemjibia.

Gobore halikufa. Mhunzi hulitengeneza kwa bomba la chuma au mhimili wa usukani wa gari bovu. Baruti hushindiliwa kwa mdomo wa mtutu, goroli zikafuata. Halina namba, halina jina. Itifaki ya Nairobi ya 2004 inataka kila silaha iwe na alama, nazo operesheni dhidi ya ujangili zimepita zikiyasaka magobore: Uhai mwaka 1989, kisha Tokomeza mwaka 2013, iliyosimamishwa kwa malalamiko ya mateso na kung'oa mawaziri wanne. Siku hizi serikali hutangaza pia vipindi vya kusalimisha kwa hiari, bila mashtaka.

Sina ugomvi na hilo. Magobore hayo hayo yameua tembo wengi na watu pia. Ila aliyelisalimisha bado ana shamba. Tembo akiingia, anatakiwa kuwaita askari wa wanyamapori, na mpunga ukishaliwa kuna kifuta jasho, hesabu kwa ekari. Fomu yake nayo inaanzia kwa mtendaji wa kijiji.