Flashi ikifomatiwa kimakosa, faili bado zimo: usiandike kitu juu yake

Mtu akifomati flashi kwa bahati mbaya, mkono humtuma kuichomeka tena na tena kuona kama kuna kilichosalia, kisha kuinakilia faili nyingine ili isikae bure. Usifanye lolote kati ya hayo. Ichomoe, iweke kando, na utafute kompyuta utakayoitumia kuokoa. Kwa uwezekano mkubwa picha, barua na hesabu zako zingali mle ndani.

Chukua mfano wa ghala la bandarini. Mlangoni pana daftari la kuonyesha mzigo gani umelala safu ipi. Fomati ya kawaida, ile inayofanywa na Windows kisanduku cha "Quick Format" kikiwa na tiki, huondoa daftari na kuweka jingine tupu. Mzigo wenyewe haukuguswa. Ila karani akiletewa bidhaa mpya, daftari lamwambia ghala zima ni wazi, naye atazipanga popote na ya zamani itupwe. Hapo ndipo hasara ya kweli huanza. Sehemu iliyokwisha kuandikwa upya hairudi, na programu inayoahidi kuirudisha ni ya wezi.

Iko fomati nyingine, ndefu. Tangu Windows Vista, ukiondoa ile tiki, mashine hupita flashi nzima ikiandika sifuri kila mahali. Utaijua kwa muda iliochukua. Ikiwa ilimalizika kwa sekunde chache, tumaini lipo. Ikiwa ulikaa dakika nyingi ukitazama mstari ukisogea, mengi yamekwenda, isipokuwa kama uliikatiza njiani: pale ilipokuwa haijafika, faili zaweza kuwepo.

Kuichomeka tu nako kunaweza kuandika kitu. Windows hupenda kuweka folda yake iitwayo "System Volume Information", na simu za Android huunda "LOST.DIR" na nyinginezo. Ni vidogo, lakini huwezi kuchagua viangukie wapi. Kwa hiyo usiijaribu kwenye simu, televisheni wala redio ya gari.

Sasa kazi. Programu ninayoipendekeza kabla ya zote ni PhotoRec, iliyoandikwa na Christophe Grenier. Ni ya bure kabisa, haina kikomo cha kurudisha, na jina lisikupoteze: hurudisha PDF, hati za Word, muziki na video pia. Huja pamoja na ndugu yake TestDisk. Katika kifurushi cha Windows mna faili iitwayo qphotorec_win, yenye madirisha ya kubonyeza. Ifungue kama msimamizi wa kompyuta, kisha uchague flashi yako kwenye orodha. Itambue kwa ukubwa wake, maana hapa ndipo watu huchagua diski ya kompyuta badala ya flashi. Chagua mfumo wa FAT na NTFS, halafu "Whole" ili ipekue kila sehemu, na mwisho uonyeshe folda ya kuwekea vitakavyopatikana.

Folda hiyo iwe kwenye kompyuta au diski nyingine. Kamwe isiwe kwenye flashi ileile. Ukirudishia humohumo, kila picha unayookoa huenda inazika nyingine.

Flashi ya GB 32 isiyo na kasoro husomwa yote kwa muda wa nusu saa hivi. Inayochechemea inaweza kukesha. Ikiwa inajikata na kujirudisha, au inachemka mkononi, kwanza tengeneza nakala yake nzima kwa programu kama Win32 Disk Imager, kisha uipekue nakala badala ya flashi yenyewe. PhotoRec hukubali kusoma nakala ya namna hiyo.

Utakachopata kitakukera kidogo. PhotoRec haiangalii daftari. Hutambua faili kwa alama zilizo mwanzoni mwake, kama vile PDF inavyoanza na herufi %PDF. Basi majina yanapotea. Utakuta folda nyingi za recup_dir, na ndani yake picha zenye majina kama f0248320.jpg, zikiwa zimechanganyika na takataka za miaka. Kuzipanga ni kazi ya siku. Kama majina na folda ni muhimu, mathalani shuleni ambako alama za kila darasa zimo kwenye folda yake, jaribu kwanza DMDE, ambayo hutafuta mabaki ya folda za zamani. Wenye Windows 10 ya 2020 na kuendelea wana pia Windows File Recovery ya Microsoft, ya bure, ila huendeshwa kwa kuandika amri:

winfr E: C: /extensive

E ni herufi ya flashi, C ni ya diski ya kupokelea.

Video ndefu ndizo hufa kwa wingi. Picha moja hukaa mahali pamoja, lakini video ya saa mbili inaweza kuwa imekatwa vipande na kutawanywa, na bila daftari hakuna ajuaye kipande kipi hufuata kipi. Utapata faili yenye ukubwa mzuri isiyofunguka.

Kwa watu wa Pwani, jambo zito kuliko programu ni nani atakayeifanya kazi hiyo. Harusi zetu nyingi zina ukumbi wa kina mama, na picha za humo hupigwa kwa ahadi kwamba hazitaonwa na wasiohusika. Ukimwachia kijana wa saiba flashi hiyo urudi kesho, picha zote zitatua kwanza kwenye kompyuta yake. Utalipa, utapewa flashi yako, na nakala itabaki kule. Si lazima awe mtu mbaya. Kompyuta ile hutumiwa na kila anayeingia. Afadhali uende na diski yako ya nje, ukae hapo, na umwambie arudishie moja kwa moja humo. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inampa mwenye taarifa haki ya kudai zifutwe, na malalamiko hupokelewa na Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data, lakini picha ikishaanza kuzunguka WhatsApp, barua ya malalamiko haiwezi kuirudisha.

Juu ya malipo, patana kabla: ulipie kilichofunguka, wala si idadi ya faili. Orodha ya faili elfu tatu ni rahisi kuionyesha.

Flashi nyingi hufomatiwa bila haja yoyote. Windows ikikwambia lazima ufomati diski kabla ya kuitumia, bonyeza "Cancel". Ujumbe huo una maana kwamba daftari halisomeki, basi. TestDisk mara nyingine hulitengeneza. Na kile kirusi cha saiba kinachogeuza folda zote kuwa njia za mkato hakifuti kitu, kinazificha. Angalia nafasi iliyotumika: ikiwa flashi yaonekana tupu lakini GB 6 zimetumika, faili zipo. Safisha kirusi kwa programu ya ulinzi, kisha ufungue dirisha la amri na uandike, ukiweka herufi ya flashi yako:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Folda zitajitokeza. Njia za mkato zifute, usizibonyeze.

Yote haya yana upande wa pili, na wengi hawaufikirii. Kama wewe waweza kurudisha faili zako baada ya fomati ya haraka, basi vilevile aweza yeyote uliyemuuzia, uliyemwazima au uliyempa flashi hiyo "ikiwa tupu". Kabla haijatoka mkononi mwako, ifomati ukiwa umeondoa tiki ya "Quick Format" na uiache imalize, hata ikichukua saa nzima. Kisha endesha PhotoRec juu yake uone kama inaokota chochote.